Karani wa Birika

Ni mimi niliyetia dawa birikani.
Bwana wa afya alisema kidonge kimoja;
nikaongeza cha pili, kwa chuki ya mbu.

Asubuhi Karani alikuwa juu ya ukingo wa chokaa,
tumbo limemjaa kama mfuko wa maji,
mapaja mekundu, jicho moja limefumba,
wala hakunikimbia.

Lali ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa hukaa mlangoni pa choo
akihesabu waingiao na watokao.
Lali yuko Mombasa kwa mamake hadi shule zifunguliwe.
Kabla ya kuingia boti ya Mokowe alinishika kanzu:
"Baba, wewe na Karani msigombane."

Nikampeleka kwa Famau, tabibu wa punda,
ndani ya mkebe wa samli niliotoboa kwa msumari.
Mbele yangu foleni: punda wawili, na wa tatu mwenye kidonda cha bega.
Famau alicheka hadi akaketi.
Kisha akanawa mikono, akamtazama kwa muda mrefu.
"Huyu hunywa kwa ngozi," akasema.
"Ulichotia majini umemnywesha yeye.
Mtafutie maji ya mvua. Na mikono isiwe na chumvi."

Mikono isiwe na chumvi! Hapa Langoni,
ambapo hata kitasa cha mlango ukikilamba utaongeza kiu.

Nikabisha kwa dada Somoe kuomba maji ya mvua;
akajua nina mgonjwa, akanipa na ndimu, na mkate wa mofa.
Sikumwambia mgonjwa ni nani.
Nikatoa bakuli la kauri la marehemu bibi, lenye ufa,
lililokaa chini ya birika miaka na miaka likihifadhi samaki,
nikamlaza humo, maji yakimfika kidevuni,
juu nikatanda kipande cha chandarua.
Siku tatu nabadilisha maji, asubuhi na baada ya isha.
Siku tatu namnyoshea mchwa kwenye ncha ya chelewa
kama mtu anayemsihi mkwe ale.

Wasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa. Mimi si ng'ombe.
Kimya chake ndicho kilichonikaa kooni,
glasi mkononi, usiku.
Miaka miwili nimeulaani mlio ule.
Mwalimu wa chuoni alitwambia ni tasbihi;
nikajibu, basi na aisome kwa siri.
Sasa nikainama juu ya bakuli, mtu mzima, fundi wa umeme,
nikalia kama chura.
Mara moja. Kisha tena, polepole zaidi.
Ngozi ya koo lake ikapanda, ikashuka.
Huenda ilikuwa pumzi tu.

Siku ya nne chandarua kimesukumwa pembeni.
Bakuli tupu. Sakafuni alama za maji, nne, tano,
zikielekea birikani, kisha hakuna.
Birika nilishalimwaga, nikalisugua, nikalijaza upya kwa ndoo.
Namulika tochi. Naona tochi.

Simu ikalia. "Baba, Karani yuwapi?"
"Ametoka."
"Ameenda wapi?"
"Kazini."
Akacheka, mwanangu, akaniuliza kama nimekula.

Ya dawa sijamwambia.
Nimezima feni. Nasikiza.