Ua Lisilopikwa

Mbegu tisa, zimekunjwa ndani ya karatasi ya vidonge.
Alinipa Sista Wendo wa wodi ya wazazi
siku alipohamishiwa Mpwapwa.
"Zikwangue kwa wembe," alisema, "zina ngozi ya punda.
Kisha zilaze majini. Zilale usiku kucha
wewe ukikesha."

Nikazikwangua, nikazilaza
katika kikombe cha chai kilichovunjika mkono.
Kulipokucha saba zilikuwa zimevimba.
Mbili zilikataa, nami sikuzibembeleza.

Hapa Ntyuka udongo ni mwekundu,
ukikauka unalia chini ya jembe kama kigae,
na bomba hutoa maji Jumanne na Ijumaa,
Ijumaa nyingine hutoa upepo.
Tukanywa kwa zamu, miche na sisi:
maji ya kuoshea mchele,
maji ya mwisho ya kusuuzia nguo, yasiyo na povu,
kikombe kimoja kimoja, jua likishazama.
Samadi ya mbuzi niliinyima.
Ukiishibisha hunenepa majani, ikasahau kuchanua,
kama karani aliyepandishwa cheo.

Nilifunga kamba za katani kutoka ardhini hadi nondo za dirisha.
Mzabibu una vidole vya kushikia, huu hauna;
hujiviringisha mwili mzima, daima upande mmoja.
Jioni moja niliugeuza, ubishi tu.
Niliporudi kutoka zamu ulikuwa umejirudi.

Februari akaja mama mkwe kutoka Mvumi
na kisado cha uwele na mlenda mkavu.
Hata mzigo hajautua:
"Mbukwa. Matembele gani haya yanapanda ukuta kama mjusi?"
"Siyo matembele, mama. Ni ndugu yake tu."
"Viazi vyake?"
"Havina."
"Majani?"
"Hayaliwi. Na mbegu zina sumu."

Akanyamaza kama mtu anayehesabu ndoo.
Yeye amewahi kuchimba mchanga wa korongo kwa kibuyu
mpaka kiwiko kikapotea,
akasubiri maji yajikusanye chini
kama machozi ya mtu mgumu.

Wiki ile nilikuta shimo kwenye shina la mche wa mwisho.
Kuna aliyetaka kuhakikisha.
Sikuuliza, naye hakusema.
Kesho yake ulikuwa umenyauka. Ikabaki sita.

Machi yakachanua.
Buluu ya kaniki ambayo haijafuliwa,
na kooni nyota nyeupe, kama mtu amesahau kuzima taa.
Nikitoka zamu saa moja na nusu, macho yamejaa mchanga,
nayakuta wazi yote.
Saa tano yanaanza kujikunja kama miavuli,
na Ndahani akija kula mchana
anakuta vijiti vya zambarau vilivyolegea.
Miaka sita ya ndoa, na bado anadhani
namsimulia ndoto za usingizi wa mchana.

Kisha Alhamisi moja.
Usiku ule wodini kulikuwa na kitanda
kilichobaki na mama peke yake.
Nilitembea kutoka kituoni bila kuona njia,
nikafungua geti taratibu, nisiamshe mtu.

Mama mkwe alikuwa ameinama ukutani
na bakuli la bati alilonawia uso,
anamimina kidogo kidogo, shina hadi shina,
yote sita, na kisha pale penye shimo,
pasipo na kitu.

Alinisikia. Akakung'uta bakuli upesi.
"Nimeyamwaga tu," alisema. "Yalikuwa machafu."
"Ndiyo, mama."

Hakuniuliza usiku ulikuwaje.
Alinitazama viatu, akanitazama uso,
akasogea nipate pa kusimama.
Upepo wa Dodoma haukuwa umeamka bado.
Tukakaa hivyo kitambo, mikono mitupu.

"Kumi na saba," akasema mwishowe,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya karanga.
"Jana yalikuwa kumi na tatu."