Meza Namba Arobaini na Sita

Duka langu ni meza moja chini ya ngazi,
jengo la simu, Ulaanbaatar.
Nina bisibisi saba, spiriti, mswaki wa mtoto,
na taa inayoijua mikono yangu kuliko mume wangu.

Wanakuja na mchele.
Kila Desemba wanakuja na mchele:
kwenye mfuko, kwenye sufuria, mmoja kwenye soksi,
na simu imezikwa humo kama kitovu.
"Imekaa siku tatu," anasema bwana Luvsan,
"mchele umeinyonya chai yote."
Naifungua. Chai imo. Maziwa yamo, chumvi imo,
kutu ya kijani imeshatambaa kwenye saketi,
na punje moja imejibana mlango wa chaji
kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka.
La kuvunda halina ubani, namwambia.
Siku tatu ulizongoja ndizo zilizoiua.

Mimi si wa kuambiwa tu. Nina daftari.
Dawa ya meno juu ya mkwaruzo:
mkwaruzo ulibaki, ukanukia mnanaa.
Kuzifunga programu zote, moja moja,
kama mtu anayepuliza mishumaa:
nilizifunga wiki nzima, nikaandika saa,
betri ikafa wakati ule ule, siku nyingine mapema,
maana kila nilichokizima kiliamka na njaa.
Kuinua simu juu kutafuta mtandao,
hilo sikulicheka sana. Mlimani hatua mbili ni hatua mbili.
Hali ya ndege wakati wa kuchaji: kweli.
Dakika nne.
Dakika nne! Haya, nenda kazitumie.

Mama mkwe wangu, Yanjmaa, hana daftari.
Ana mbuzi mia na ishirini, paneli ya jua,
na jokofu dogo ambamo, kando ya siagi,
hulaza betri zilizochoka.
"Mama, nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nchi hii nzima ni jokofu.
Mbona hazijapona?"
Alinitazama, akaendelea kukoroga chai.

Februari tulikuwa tunamrudisha kwake
baada ya kung'olewa jino mjini.
Gari likazama kwenye theluji kabla ya mto,
jua linashuka, upepo unakuja na meno yake yote,
na simu yangu, simu ya fundi,
yenye asilimia sitini na mbili,
ikazima. Hivi hivi. Kama mtu aliyekasirika.
Ya mume wangu ilikuwa imekufa tangu mchana.
Nilijua sababu. Wateja huwaeleza kila siku
jinsi baridi inavyoipooza betri,
umeme umo lakini hautoki.
Nilieleza vizuri sana, ndani ya lile gari.
Hakuna kilichowaka.

Yanjmaa hakuuliza.
Alifungua vifungo vitatu vya joho la ngozi ya kondoo,
akaisukuma simu chini ya kwapa, akafunga.
Kisha akazungumza, shavu limevimba upande,
juu ya bei ya sufu, juu ya daktari mwenye vidole vya baridi,
juu ya beberu aliyekula kamba ya nguo.
Dakika ishirini labda. Sikuwa na saa, saa ilikuwa kwapani.
Akaitoa, vuguvugu kama mkate.

Arobaini na moja.
Nikampigia Dorjsuren mwenye trekta,
nikasema tuko wapi, haraka, kabla haijabadili nia.

"Sasa andika," akasema mama mkwe.
Nikaitoa daftari kwenye mkoba, wino umeganda,
nikaupumulia mpaka ukakubali:
*Kwapa. Inafaa.*
"Na jokofu?"
Jokofu hapana, mama.
Akacheka, akashika shavu kwa maumivu, akacheka tena.

Nilipokwenda kwake mwezi wa nne kuomba siagi
nilizihesabu. Zilikuwa tano.
Mbili zilikuwa zangu.