Maili Tano za Drumlarra

Namba yangu mia na kumi na nane
imebanwa kifuani kwa pini nne,
juu ya pafu lile lile
ambalo mwezi wa kumi lilijaa maji
kama buti lililosahauliwa uani.

Jumapili ya Februari, Leitrim. Manyunyu
yasiyo mvua wala yasiyokoma,
yanakaa tu usoni kama deni.
Mbele ya ukumbi wa parokia tuko watu sitini na watatu,
tunarusharusha miguu, tunajidai hatuna baridi,
na Bwana Gilhooly mwenye filimbi anatutania
kwamba kondoo wamefungiwa, njia ni yetu.

Nilikuwa nimejipigia hesabu.
Zamani, na zamani ni juzi tu, ni Mei,
nilizikata hizi maili kwa dakika thelathini na nne.
Nikaongeza nne za ugonjwa, mbili za woga.
Arubaini. Arubaini nitaimeza.
Hesabu ya mgonjwa ni ya mlevi:
haikosei mpaka siku ya kulipa.

Maili ya kwanza nilikuwa mimi.
Naapa, nilikuwa mimi. Viatu viliijua lami,
mikono iliijua kazi yake,
nikampita Dervla wa posta, nikampita mwanawe,
nikasikia mtu nyuma, "Amerudi huyo,"
nikaongeza, mjinga mimi, nikaongeza.

Kisha mlima wa kiwanda cha maziwa.
Si mlima; ng'ombe huupanda wakicheua.
Ulinishika ukosi kama paka abebavyo mtoto wake.
Pumzi ikaanza kuja vipande vipande,
kila kipande na sauti yake,
mluzi, mkwaruzo, bawaba isiyotiwa mafuta.
Dervla akanipita. Mwanawe akanipita
akimumunya peremende.
Akanipita Fintan Mulvey, miaka sabini na moja,
goti limefungwa bendeji,
akasema kwa upole, "Taratibu, binti."

Aliyesema pole pole ndio mwendo
hakuwahi kupitwa na Fintan Mulvey.
Na aliyesema mwenda pole hajikwai
aje anitazame kiganja:
nilikwenda pole, nikajikwaa,
nikadaka lango la Heslin nisianguke,
nikakohoa hapo hadi ndama akaja,
pua inamchuruzika, macho yamejaa swali.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na makohozi.

Wodini Sligo, nesi Sheeja, binti wa Kerala,
alinishika kiwiko: kitandani hadi dirishani.
Hatua kumi na mbili.
Nilizihesabu kwa sauti. Alipiga makofi,
nami nikalia, nikidhani ndizo
za mwisho katika mbio zangu.
Ningependa kusema kwamba pale langoni
nilimkumbuka, nikapata nguvu.
Sikumkumbuka. Nimemkumbuka usiku huu
nikisugua sufuria.
Langoni niliikumbuka chai tu.

Arubaini na tisa na sekunde nane.
Gilhooly aliisoma saa kwa sauti ya chini
kama mtu aletaye habari za msiba.
Ukumbini mikate ya nyama ilikwisha,
imebaki ya mayai, imekauka pembeni,
na kila aliyenimiminia chai
alinimiminia na lile neno: angalau.
Angalau u mzima. Angalau umemaliza.
Neno hilo hukupapasa mgongo
huku likikukalisha chini.
Nilisema asante. Nilisema ni kweli.
Ni kweli. Nami nilitaka arubaini.

Nyumbani nimevijaza viatu magazeti,
nimeviweka kando ya jiko, si karibu sana.
Ukurasa uliotokeza kisiginoni
ni wa bei ya mitamba, mnada wa Alhamisi.
Imeshuka.
Nimekohoa. Nimezima taa.
Kisha nimeiwasha tena, nigeuze kiatu cha kushoto,
upande ulio mbichi uelekee moto.