Ripoti ya Muhula

Fomu ya ufadhili inauliza: Umejifunza nini?
Nafasi waliyoacha ni mistari sita.
Mimi mwanahesabu, kubana najua,
lakini hapana. Nageuza karatasi, naandika mgongoni.

Kwanza, bureti.
Jerotich wa Njoro, mwanakemia, niliyesafiri naye,
aliingia maabara ya Durham akakuta bureti arobaini
kwa wanafunzi arobaini. Akaketi.
Maseno ni kumi na wawili kwa moja:
mmoja anasoma kipimo, kumi na mmoja wanamwamini.
Siku hiyo alisoma mwenyewe, akakosea,
akafurahi kwamba kosa ni lake.

Pili, saa.
Kwetu ikweta inakata barabara ya Busia,
na jua huripoti kama karani wa zamani,
halijui likizo wala mgomo.
Ndiyo maana tunahesabu saa toka kwake.
Nikafika mahali ambapo Desemba saa moja ni giza,
saa mbili giza,
na saa kumi alasiri jua limeshaaga.
Saa kumi! Nilisimama na mkoba begani.
Kumi tangu lini?

Tatu, mama.
Loice Ayuma, fundi cherehani, soko la Luanda.
Alinifungia futikamba yake iliyochakaa ncha,
nami nikamwachia mpini wa jembe, mita moja kamili:
usimamishe mbele ya duka, mama,
pima kivuli kinapokuwa kifupi kabisa.
Akasema wateja watadhani ni uchawi.
Akausimamisha.

Septemba ishirini na tatu akapiga simu:
“Saa sita na dakika thelathini na nne, hakuna kivuli.
Nimeuzunguka mpini mara mbili. Labda kimeibwa.”
Changu, nyuma ya bweni, kwenye nyasi zilizolowa:
sentimita mia moja arobaini na mbili.
Futikamba ilibakisha vidole vinne.
Nikachora pembetatu juu ya risiti ya mkate,
nikapata umbali wetu, kaskazini kwa kusini,
kilomita elfu sita na ushei.
Simu ingeniambia bure, najua.
Simu isingemtoa mama dukani saa sita mchana.

Desemba nilisubiri jua siku nne.
Wenzangu wamekwenda kwao, korido nzima ni yangu
na mlio wa jokofu.
Lilipotoka, kivuli kilikuwa futikamba tatu na bado,
kimelala chali, kichwa kaskazini.
Cha mama: sentimita arobaini na tatu,
nacho kaskazini.
“Kinakutazama wewe,” akasema.
Changu kilikuwa kimempa kisogo.
Hilo sikumwambia.

Nilirudi mwisho wa Januari. Mpini bado umesimama,
watoto wa soko wameutia alama za chaki,
muuza ndizi jirani anaulizia matokeo.
Machi ishirini mama aliacha sare ya shule chini ya sindano,
akatoka, akasubiri, akachungulia simu.
“Hakuna kivuli tena. Lakini ni saa saba kasoro dakika kumi na moja.
Septemba lilifika mapema.
Jua limechelewa robo saa.
Lilikuwa wapi?”

Muhula mzima Durham
hakuna aliyeniuliza swali hilo.
Jibu lipo: njia ya dunia si duara kamili,
na mhimili wake umeinama kama mtu anayetunga uzi.
Nitahitaji jioni nzima,
chaki ya kushonea, na kitambaa kipana.

Nageuza karatasi tena, mbele,
kwenye ile mistari yao sita.
Wa kwanza naujaza: Tazama nyuma.
Mitano iliyobaki naiacha wazi.