Kipande cha Tatu

Maabara yangu ipo chini kabisa, hospitali ya watoto, Łódź.
Dirisha linatazama theluji ya juzi, imechafuka, na matairi ya magari.
Saa tatu usiku kinaletwa kipande cha utumbo
kisichozidi ukucha wa mwenyewe.

Mwenyewe ana siku nne, anaitwa Gniewko.
Siku ya kwanza hakuchafua nepi. Ya pili hakuchafua.
Bibi yake, Kazimiera, akasifu: huyu mtoto msafi!
Ya tatu akatapika kijani.

Nakigandisha. Nakikata vipande vyembamba kuliko unywele.
Nakitia rangi, nainamia lenzi.
Natafuta seli kubwa, kiini chake kama jicho la kuku,
vikundi vikundi kati ya misuli miwili,
zile zinazouambia utumbo: kaza. Sasa legea. Sukuma.

Zilianza safari shingoni, mtoto hajawa hata harage.
Zikashuka huku zikizaana, koo, tumbo, chango,
kila mahali zikiacha wenzao wakae.
Wiki ya kumi na mbili zilitakiwa ziwe zimefika.
Hizi zilikomea njiani. Hapakuwa na mpaka,
hapakuwa na askari wa kuziuliza karatasi.
Zilikoma tu.

Simu. Zaremba, kisu mkononi:
"Cha kwanza?"
Hamna. Mishipa ya fahamu ipo, minene
kama kamba za kufungia mizigo,
lakini fahamu yenyewe haimo.

"Cha pili?"
Upande huu ziko tatu. Upande ule, kimya.
"Tatu si zinatosha?"

Mwaka juzi nilijibu zinatosha.
Msichana yule alirudi mezani
akiwa ameshaota meno mawili.

Panda juu, nasema. Panda tena.

Nyanya yangu alifuma pamba kiwandani, mtaa wa pili kutoka hapa,
akazeeka na uziwi wa mashine.
Akiona kitambaa kimekosa mshindio hakulalamika.
Alipitisha kidole, akarudi nyuma, nyuma,
hadi pale uzi ulipoanza tena kushikana na mtande,
na hapo ndipo alipotia mkasi.
Si kabla. Hata kama msimamizi anapiga mguu chini.

Cha tatu kinaingia saa tano kasorobo.
Naanza juu, nazunguka kama mshale wa saa:
wapo. Wapo. Wapo hapa pia.
Nazunguka mara ya pili, kwa ajili ya yule msichana.
Hapa, namwambia Zaremba. Ungia hapa.

Gniewko sijawahi kumwona. Ninacho
kile kipande cha kwanza, ndani ya nta, droo ya kumi na tisa,
nyama isiyojua kwamba ilikuwa na njaa ya amri.

Siku ya saba muuguzi ananipigia, anacheka.
Bibi Kazimiera ameishika nepi wazi kwa mikono miwili,
anapita nayo kitanda hadi kitanda:
tazameni, tazameni.