Tumepwelewa

Clive wa gereji ndiye aliyetuazima Doris,
futi ishirini na mbili, rangi imebambuka ubavuni,
akanipiga begani: "Ninyi watu wa Afrika Mashariki,
bahari si iko damuni?"
Nikacheka. Mimi ni wa Singida.
Chombo changu cha kwanza kilikuwa ndoo,
na foleni yake.

Maldon, Jumamosi, Julai, jua la kubahatisha.
Nahodha ni Leokadia, miaka kumi na saba,
mwenye cheti cha wiki moja na filimbi shingoni.
Mabaharia: mama yake, Gaudensia,
jaketi la uokozi juu ya koti la kanisani;
Ntandu, miaka tisa, mshika kamba zote;
na mimi, dereva wa basi la ghorofa,
miaka kumi na minne Chelmsford bila mkwaruzo.

Hakuna aliyenionya kuhusu usukani.
Ukitaka kulia, sukuma kushoto.
Mikono yangu ilikataa. Mikono ina imani yake.
"Kinyume, Baba! Kinyume!"
Boriti ya tanga ikafagia juu ya vichwa vyetu
kama fimbo ya mwalimu wa zamu,
na Ntandu akaiachia kamba aliyoambiwa aikaze
kwa sababu, alisema, ilikuwa inamvuta yeye.

"Ina jina," nahodha akafoka.
"Kwenye chombo hakuna kitu kinachoitwa kamba."
Mama yake akamwuliza kama kuna kitu kinachoitwa shikamoo.
(Jina alilolitaja lilikuwa la Kiingereza.
La kwetu, demani, nililipata Jumatatu, kwenye kamusi.)

Saa nane, karibu na kisiwa cha Osea,
Doris akasita, kama ng'ombe mlangoni mwa josho.
Kisha akakaa.
Maji yakaendelea na safari bila sisi.

Kuna neno la hili, na ni neno zuri: kupwelewa.
Si kuzama. Si kufika.
Nusu saa tu, tope pande zote
linang'aa kama sahani iliyolambwa.
Chombo kikalala ubavu. Birika likateleza,
wali ukalifuata, kisha Ntandu, akishangilia.
Clive kwenye simu: "Kaeni. Kunyweni chai.
Yatarudi saa mbili na nusu usiku."

Darasa la sita tulikariri:
kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Nilipata alama zote. Sikujua tezi ni nini.
Sasa nimekaa ngamani, magoti kidevuni,
maji ya rangi ya chai ndani ya viatu,
na sina hakika kama zile alama nilizistahili.

Ndipo nikaliona daftari lake,
jedwali la maji alilonakili kwa wino wa kijani.
Kitabu kilikuwa kimeshaongeza saa ya kiangazi.
Yeye akaongeza nyingine.
Maji aliyoyangoja saa sita yalijaa saa tano,
yakaondoka sisi tukipaka mkate siagi.
Nikalifunga. Nikasema, kwa sauti,
"Ni mimi niliyekata kona vibaya."
Hakujibu. Alikuwa akihesabu sululu topeni.
Septemba anakwenda Aberdeen,
na tangu Pasaka mazungumzo yetu
ni chumvi, na funguo ziko wapi.

Baadaye sana, mama mtu amelala kwenye mteremko,
akasogea karibu. "Baba, uliona."
"Niliona nini?"
"Ile saa."
Nikamsimulia nisilowahi kumsimulia mtu:
siku yangu ya kwanza kazini, abiria arobaini,
nikawaingiza wote katika ua wa kiwanda cha mbao,
tukatoka kinyumenyume,
bikizee mmoja akituongoza kwa mwavuli.
Akacheka mpaka Doris akatikisika.
Tulidhani ni kicheko.

Yalikuja bila kelele,
kwanza kwenye nyayo za shakwe, kisha chini yetu.
Birika likaanza kurudi,
taratibu, lenyewe, hadi mahali pake.
"Shika, Baba," akasema.
Nikashika. Nikasukuma
upande nisiotaka kwenda.