Hutozwa kwa Herufi

Mchonga mawe wa Malmö hutoza kwa herufi.
Bwana Ernfrid, miwani pajini, penseli sikioni:
"Jina ninalo. Na chini yake, nichonge nini?"
Tumesimama watatu katika vumbi la itale,
mimi, mama, na mjomba Zurka mwenye koti la kuazima.
Hakuna aliyejibu.

Usiku nikalifungua kopo la biskuti la bibi.
Majirani waliapa mna dhahabu. Mlikuwa na makaratasi,
yamekunjwa mara nane, yananuka tumbaku na sabuni,
na kila moja lilikuwa limembatiza upya.

Larisa, alikozaliwa: yiftisa, Mmisri.
Bibi Luludi, ambaye Misri hakuiona
hata kwenye picha ya kalenda.

Karani wa Miskolc akazidisha chumvi:
watu wa Firauni.
"Tungekuwa watu wake," bibi alizoea kusema,
"si tungezama naye?"

Viena, kwa wino wa zambarau: Zigeunerin.
Wenye elimu husema neno hilo ni la Kigiriki cha kale
na huenda maana yake ni wasioguswa.
Wasioguswa! Na hapo chini, zimepangwa safu mbili,
alama za vidole vyake kumi,
walivyovishika kimoja kimoja.

Lyon wakamwita Mbohemia.
Praha, ndani ya Bohemia yenyewe,
wakamwambia arudi kwao.

Burgos: gitana. Misri tena, kumbe njia ni duara.
Turku: mustalainen, mweusi.
Hilo hakulibishia. Aliulaza mkono wake
kando ya mkono wa karani, akaitazama yote miwili,
akauliza: "Na wewe tukuite nani, mtindi?"

Hapa Malmö halikuwa kwenye karatasi.
Liliandikwa kwa mkaa, mlangoni, ghorofa ya tatu:
Mtatari.
Akacheka akishika mbavu, "Farasi wangu yuko wapi?"
kisha akaingia ndani, akatoka na siki na kitambaa,
akasugua mpaka rangi ya mlango ikabanduka.
Wakati huo hakuwa anacheka.

Wiki ya mwisho muuguzi kijana
alijifunza neno moja kwa ajili yake.
Akainama kitandani: "Čhib?"
Alimaanisha lugha, apate kumwita mkalimani.
Bibi akatoa ulimi.

Maana kwetu ni neno lilelile,
kile kinachoonja na kile kinachosemwa.
Ulikuwa mkavu, una ufa katikati.
Ulimi huo ulibeba pani, maji,
na manro, mkate,
na jag, moto,
ambalo Mswidi akiliandika hivyohivyo amesema "mimi".
Ulivipitisha forodha zote
na hakuna afisa aliyeupekua.

Niliwahi kumuuliza, nikiwa mtoto,
yeye mwenyewe hujiita nani.
Alikuwa anamenya viazi, macho hakuinua.
"Me som romni."
Mimi ni mwanamke. Mimi ni mke.
Na babu? "Rom." Mwanamume. Mume.
Ni hivyo tu, bibi?
Ganda la kiazi lilishuka refu, halikukatika.
"Ulitaka tuwe nani, malaika?"

Jumatatu tukarudi kwa Bwana Ernfrid.
Mjomba Zurka, aliyekuwa na deni la jeneza,
akaninong'oneza kwamba Rom ni herufi tatu.
Nikamwambia bibi hakuwa mume wa mtu.

Tukaandika kwenye kipande cha sanduku, kwa mwandiko wa mama:
ROMNI.
Mchonga mawe akahesabu kwa ncha ya penseli, midomo ikicheza.
"Tano," akasema. Akatutazama kwa muda,
kofia ya Zurka, viatu vyangu.
"Nukta ya mwisho naitia bure."

Mama, ambaye tangu mazishi hakuwa amefungua kinywa,
akasema, "Usiitie."